Toka Utosi Hadi Unyayo

Kazi hii huanzia mikononi. Kabla ya wazazi kuambiwa neno lolote, mkunga ananawa kwa sabuni mpaka viwikoni, anajikausha, kisha anasugua viganja vyake vipate joto, kwa sababu mtoto mchanga akiguswa na mkono wa baridi hujikunyata, na aliyejikunyata hakaguliki. Taa ya joto imewashwa juu ya meza. Pembeni kuna mzani, futi ya kupimia kichwa, kifaa cha kusikilizia moyo, tochi ndogo, na kile kibanio kinachofungwa unyayoni kupima oksijeni. Mtoto ana saa chache tu duniani. Mama yake yuko kitanda cha tatu kutoka mlangoni, anakunywa uji.

Ni wodi ya wazazi ya hospitali moja ya wilaya, kaskazini mwa Tanzania. Mkunga huyu kila mtu humwita Sista, kuanzia madaktari mpaka wauza maandazi wa getini, nami nitamwita hivyo hivyo. Wazazi waliniruhusu nikae, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili wasitambulike. Nilikuja kwa sababu nilisikia kwamba hapa, mtoto akizaliwa na sura au viungo vinavyowafanya wauguzi watazamane, daktari hamwendei mzazi kabla hajamtafuta Sista.

Kwanza anamtazama mtoto bila kumgusa. Anasimama na mikono yake nyuma, anaangalia rangi, anaangalia kifua kinavyopanda na kushuka, anaangalia jinsi mtoto mwenyewe alivyojilaza. Halafu ndipo anaanza, na mpangilio wake haubadiliki: utosi, paji la uso, macho, masikio, pua, mdomo na kaakaa, shingo, kifua, tumbo, kitovu, sehemu za siri, mgongo, mikono, miguu. Kidole chake kinapita juu ya fuvu kama fundi wa mitumbwi anavyopapasa ubao kabla hajashika tezo. Muda wote anamsemesha mtoto kwa sauti ya chini, “Haya binti, geuka nikuone, haya mama,” na sauti hiyo haipandi wala haishuki anapofika mahali penye jambo.

Mahali penyewe ni pengi. Macho yamepanda kidogo upande wa nje, na kwenye pembe ya ndani, karibu na pua, kuna kikunjo chembamba cha ngozi. Mgongo wa pua uko chini. Masikio ni madogo, ukingo wa juu umejikunja. Nyuma ya shingo ngozi ni nyingi na imelegea. Kidole kidogo cha mkono kimepinda kuelekea vyenzake. Mguuni, kati ya kidole gumba na jirani yake, kuna nafasi pale unapopita ukanda wa kandambili. Kiganjani mstari ni mmoja, umekata kutoka ukingo hadi ukingo. Kisha Sista anamlaza kifudifudi juu ya kiganja chake na kumwinua. Watoto wengi wachanga wakiinuliwa hivyo hukunja viungo na kujaribu kunyanyua kichwa. Huyu amelala juu ya mkono, mikono na miguu inaning’inia.

Mwanafunzi wa uuguzi aliyesimama karibu alishusha pumzi kwa sauti. Sista hakumgombeza. Alimpa kalamu na daftari, akamwambia aandike vipimo anavyovitaja, na kwa kuwa kuandika namba kunataka umakini, uso wa binti yule ukarudi mahali pake. Baadaye, mlangoni, alimweleza kwa maneno machache tu: mama aliyetoka kujifungua hasikilizi mdomo wa nesi, anasoma uso. Pazia la wodi lilikuwa wazi nusu, na kitanda cha tatu kinaona meza.

Alama hizi kwa pamoja zinamfanya afikirie sindromu ya Down. Orodha inayojulikana sana kwa watoto wachanga ni ile ya daktari Hall ya mwaka 1966, yenye alama kumi, na uzuri wake ni kwamba hakuna hata moja kati ya hizo kumi inayotosha peke yake. Nyingi kati yake unaweza kuzikuta kwa mtu mzima wa afya anayeuza nyanya sokoni. Vitabu alivyosomea Sista vilikuwa na picha za watoto wa Kizungu, akalazimika kujizoeza macho upya kwa watoto wa hapa. Hilo halikuwa tatizo lake peke yake. Mwaka 2016 Marekani ilizindua atlasi ya intaneti ya sura za watoto wa mabara mbalimbali wenye hali kama hizi, na utafiti wa mwaka uliofuata ukaonyesha kwamba baadhi ya alama za Down hazijitokezi kwa kiwango kilekile kwa watoto wa Kiafrika. Kwa hiyo Sista hahesabu haraka. Anatazama, anafunika, anarudi baada ya nusu saa, anatazama tena mtoto akiwa amelala na uso umetulia, kwa sababu uso uliotoka kupita njia ya uzazi huwa umevimba na kumdanganya anayeutazama.

Daktari anakuja, anakagua mwenyewe, anasikiliza moyo kwa muda mrefu. Wanakagua kama njia ya haja kubwa iko wazi na kama mtoto anatapika rangi ya kijani, kwa kuwa matumbo nayo yanaweza kuwa na shida kwa watoto hawa. Moyo unasikika safi, lakini wote wawili wanajua kwamba karibu nusu ya watoto wenye sindromu ya Down huzaliwa na kasoro ya moyo, na kwamba sikio haliwezi kuiondoa hofu hiyo. Kinachotakiwa ni kipimo cha eko, kinachopiga picha ya moyo. Wanakubaliana nani ataongea na nani atanyamaza. Daktari atakaa pembeni na kujibu akiulizwa. Niliona hekima kubwa katika makubaliano hayo, kwa sababu watu wawili wakieleza habari moja kwa zamu, mzazi hubaki akilinganisha maneno yao badala ya kuyaelewa.

Sasa inakuja hatua ya kusubiri, ambayo mtu mvivu angeiita kuchelewesha. Mama hajamaliza uji. Baba yuko njiani na basi kutoka kijijini. Mtoto hajapata maziwa ya kutosha. Sista anamrudisha mtoto kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, anawafunika kwa kitenge. Mama anauliza swali ambalo kila mama huuliza: “Sista, ni mzima?”

Nilijua majibu mawili rahisi, “Mzima kabisa” na “Subiri daktari,” na yote mawili nimeyasikia hospitalini yakitolewa kwa mgongo uliokwisha geuka. Sista alivuta stuli akakaa, macho yao yakawa sawa. “Anapumua vizuri, mwanangu. Ana kilo mbili na nukta nane. Kuna mambo nimeyaona kwake ambayo nataka tuyatazame pamoja. Unataka tuyatazame sasa hivi, mimi na wewe, au tumngoje baba yake?” Mama alifikiri. Akasema wamngoje. Sista akamwambia ni saa ngapi basi huwa linafika, na kwamba yeye mwenyewe hataondoka zamu mpaka wamezungumza. Mama alijua kuna jambo, alijua ni lini atalisikia, na alijua uamuzi wa kungoja ni wake. Mwishowe alilala, na mtoto akiwa kifuani.

Chumba cha mazungumzo kilikuwa ofisi ya wauguzi, chembamba, kimejaa mafaili. Sista alikipanga kwa mikono yake. Meza aliisukuma ukutani ili isikae katikati ya watu. Viti alivipanga kwa nusu duara, kile chenye mgongo imara akakiweka mbali na mlango kwa ajili ya mama, maana amekaa na nyuzi. Simu yake aliizima, akaitia kwenye droo. Karatasi laini aliiweka kwenye kizingiti cha dirisha, mahali pa kufikika, lakini si mbele ya macho. Ikikaa katikati, alisema, inawaamrisha watu walie. Mwanafunzi alipewa kazi ya kusimama nje ya mlango ili asiingie mtu kuuliza funguo za stoo.

Baba alifika na mama yake mzazi, aliyebeba chupa ya chai na kanga mbili mpya. “Shikamoo mama,” Sista alimwamkia. “Marahaba mwanangu.” Halafu, kabla ya mtu yeyote kukaa, alimgeukia mama mtoto: “Ungependa bibi awe nasi?” Lilikuwa swali la kweli, na kama jibu lingekuwa hapana, naamini Sista angempeleka bibi kunywa chai yake mahali pa heshima na kumrudia baadaye. Mama alisema awepo. Bibi alikaa. Aliingia kama mtu aliyekaribishwa na mkwewe, na hilo lilibadili jinsi alivyosikiliza.

Mtoto alikaa kwa mama. Sista hakumshika. Katika mazungumzo yote, kila alipotaka kuonyesha kitu, alimwomba mama afunue.

“Hongereni,” alianza. “Mmepata binti. Mmeshamwona? Mmemwonaje?”

Kisha akanyamaza, mikono ikiwa mapajani. Baba alisema ni mzuri, ila analala sana. Mama alisema hanyonyi, anashika ziwa halafu analiachia. Bibi alimtazama mwanawe, akatazama sakafu, akasema, “Macho si ya kwetu.”

Ningekuwa nafundisha kazi hii, ningeanzia hapo. Watu watatu, bila kuambiwa lolote, walikuwa tayari wametaja ulegevu, unyonyeshaji na macho. Sista hakuwaletea habari kutoka nje. Aliipokea kutoka kwao na kuipanga. “Mmeona sawasawa,” alisema. “Hata sisi tumeona hayo.” Na badala ya kuendelea mbele alirudi nyuma, kwenye ukoo. Nani ana macho ya namna hii upande wa mama? Upande wa baba? Kuna picha? Baba alitoa simu, wakapita picha za harusi, za mazishi, za shangazi aliyeko Arusha. Hakuna aliyefanana. Kisha Sista aliwaomba wote wakunjue viganja. Mama ana mistari miwili. Bibi miwili. Baba, mkono wa kulia, miwili. Mkono wa kushoto, mmoja, umekata kutoka ukingo hadi ukingo kama wa bintiye.

“Kumbe!” Sista alicheka, na cheko lake lilikuwa la kweli. “Huu mstari kaupata kwako. Basi tuutoe kwenye hesabu.”

Na aliutoa kweli, hata kwenye karatasi ya daktari aliufuta. Alama moja kupungua hakukubadili picha kubwa, na yeye alilijua hilo. Lakini wazazi walikuwa wameshuhudia kwamba huyu mtu anapima, hatafuti tu pa kubandika jina. Baba alibaki akikitazama kiganja chake cha kushoto kwa muda.

Ndipo wakafunua kanga. Walianza na yaliyo sawa: vidole kumi na kumi, kitovu kikavu, ngozi yenye joto, mkono unaofumba mama anapouwekea kidole. Baadaye, moja baada ya moja, yale mengine. Sista alieleza kila kitu kwa mahali kilipo na kwa jinsi kilivyo, pasipo kukipa alama ya uzuri au ubaya. Macho yamepanda upande wa nje. Ngozi ya shingo imezidi hapa, mguse. Misuli ni laini. Mama, mwinue mkono, uachie taratibu, unaona unavyoshuka? Alimwachia mama mwenyewe ashike. Mikono ya mama ilipita njia ileile ambayo mikono ya Sista ilipita asubuhi, na kufikia mwisho wa safari hiyo mama alikuwa ameshamjua mtoto wake kwa kumgusa, kabla jina la hali yake halijatajwa.

Jina lilikuja katika sentensi moja. “Alama hizi zikikaa pamoja kwa mtoto mmoja, zinatufanya tuamini kwamba binti yenu ana hali inayoitwa sindromu ya Down.”

Akanyamaza. Nje, toroli la chakula lilipita likigonga kingo za vigae. Mimi nilitamani mtu aseme kitu, chochote kile, na nadhani daktari alitamani vilevile, maana alifungua mdomo akaufunga. Sista hakuinama mbele wala hakujiegemeza nyuma. Hakumshika mama bega. Hakumiminia chai mtu. Aliwatazama wote watatu kwa zamu, polepole, kisha akamtazama mtoto, na alikaa hivyo mpaka mama mwenyewe aliposema, kwa sauti kavu, “Ndiyo nini hiyo?”

Nilielewa baadaye kwamba kimya kile kilikuwa na kazi. Angeendelea kueleza bila kusimama, angekuwa anawaeleza watu ambao masikio yao yamefunga. Alingoja swali, na swali lilipokuja likamwonyesha nani ameanza kusikia.

Jibu lake lilikuwa fupi. Mwili wa kila mtu umejengwa kwa chembe ndogo mno, na ndani ya kila chembe kuna maelekezo yaliyofungwa katika kromosomu 46, 23 kutoka kwa mama na 23 kutoka kwa baba. Mtoto mwenye hali hii ana 47, kwa sababu ile iitwayo ya 21 imekuja ya ziada. Inamfanya achelewe kukaa, kutembea, kusema na kujifunza, na inaweza kugusa moyo. Halafu akapima uhakika wake mbele yao: yeye na daktari wanaamini hivyo kwa kiasi kikubwa, ila kithibitisho ni kipimo cha damu kinachohesabu kromosomu, ambacho hakifanyiki pale na majibu yake huchukua muda. “Sitawaambia nina hakika asilimia mia. Na sitawaambia tunabahatisha.”

Maswali yalimiminika. Mama alikuwa amebeba ndoo za maji mpaka mwezi wa nane. Je, ni ndoo? Hapa nilimwogopea Sista, kwa sababu wengi wetu tungesema “usijilaumu” na kupita. Yeye alilishika swali lenyewe. “Ndoo haikufanya hivi. Kromosomu hii ilikuwemo tangu siku ya kwanza kabisa, kabla hata hujajua una mimba. Ungekaa kitandani miezi yote tisa, angezaliwa hivi hivi.” Baba aliuliza kama kuna dawa. Ya kuiondoa hakuna. Moyo ukiwa na tatizo, hilo linatibika; wapo watoto wanaopasuliwa moyo Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, ndiyo maana eko haitakiwi kungoja. Atatembea? Atatembea, wengi wao wakikaribia miaka miwili, wengine baada ya hapo. Atasoma? “Wapo wanaosoma. Darasa gani, sitakuahidi. Nikikuahidi leo utanidai kesho.”

Bibi alikuwa amenyamaza muda mrefu. Alipouliza, aliuliza kwa unyonge. “Mwanangu, si laana?”

Mwanafunzi wa nje angecheka, nami najua madaktari ambao wangekunja uso. Lakini udaktari wenyewe hauna haki ya kujidai mbele ya bibi. John Langdon Down, Mwingereza aliyeeleza hali hii mwaka 1866, alidhani chanzo ni kifua kikuu cha wazazi. Karibu karne nzima ilipita kabla Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin hawajaihesabu ile kromosomu ya ziada kule Paris na kuitangaza mwaka 1959. Kwa miaka yote hiyo wasomi nao walikuwa wakitafuta wa kumlaumu. Sista hakutaja historia hiyo. Alisogeza kiti chake karibu na bibi. “Hapana mama. Hii huwapata watoto wa matajiri na maskini, wa waumini wa kila dini, Ulaya na hapa. Hakuna aliyemkosea mtu.” Bibi alisema Mungu ndiye ajuaye. Sista akaitikia, “Ndiye ajuaye,” na hakuongeza kitu. Niligundua kwamba yeye mwenyewe hakulileta jina la Mungu mahali popote. Alilipokea kwa heshima lilipoletwa na mwenye nalo.

Baada ya hapo aliwapa kazi, na chumba kikabadilika. Mtoto mwenye misuli laini huchoka kunyonya, kwa hiyo mama alifundishwa kushika ziwa kwa vidole vitatu huku gumba na kidole cha shahada vikitengeneza uma chini ya kidevu cha mtoto, taya lisianguke. Walijaribu. Mtoto alishika, akaachia. Walijaribu tena, Sista akiusogeza mkono wa mama kwa upana wa kucha moja tu. Mtoto alishika, akavuta, akameza, na kidevu kikaonekana kinapanda na kushuka. Akichoka, maziwa yakamuliwe kwenye kikombe safi na anyweshwe kidogo kidogo akiwa ameinuliwa, na asiachwe alale zaidi ya saa tatu bila kula, maana mtoto wa namna hii haililii njaa yake. Kazi ya kukumbuka saa alipewa baba. Kazi ya kuchemsha kikombe alipewa bibi, ambaye alitaka kujua ni dakika ngapi hasa.

Kisha ikaja hatua ambayo sijaiona katika mwongozo wowote. “Mkirudi nyumbani,” Sista aliuliza, “majirani wakija kumtazama mtoto, mtawaambiaje?” Hawakuwa wameifikiria, na nyuso zao zilionyesha kwamba hilo liliwatisha kuliko moyo. Katika kijiji mtoto mchanga ni wa kutazamwa. Watu huja na sabuni na sukari, wanafunua kanga, wanatamka wanaloliona. Basi walifanya mazoezi pale pale. Bibi alijitolea kuwa jirani mwenye mdomo, na aliifanya kazi hiyo kwa ustadi wa kutia shaka: “Mbona macho yake hivi?” Baba alijaribu, akakwama. Mama alijaribu, sauti ikakatika. Mara ya tatu mama alisema, “Ana hali ya Down, alizaliwa nayo, tunamfuatilia hospitali. Karibu umpakate.” Sista alimwambia hiyo inatosha, na anayetaka zaidi ya hapo anatafuta maneno, hatafuti mtoto. Bibi alisema yeye atakaa karibu na mlango.

Mwisho wa siku Sista aliandika kwenye kadi ya kliniki. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa kusomeka, kwa kuwa kadi hiyo itafunguliwa na kila nesi wa kila zahanati kwa miaka mitano ijayo, na mama atakuwa amekaa mbele yake. Aliandika uzito, mzingo wa kichwa, jinsi anavyonyonya, rufaa ya eko na kipimo cha tezi ya shingo. Hali yenyewe aliiandika kama jambo linaloshukiwa, kisha akaandika: wazazi wameelezwa, wote wawili, pamoja na bibi. Mstari huo wa mwisho unamwokoa muuguzi wa kesho asilipue jambo ambalo anadhani linajulikana, na asilifiche lile ambalo tayari limesemwa.

Asubuhi iliyofuata alirudia mazungumzo yote upya. Hakuuliza kama wameelewa. Aliwaomba wamweleze yeye. Mama alikumbuka maziwa na kidevu, alikumbuka ndoo, hakukumbuka kabisa eko. Sista alianza na eko, bila kuonyesha kwamba ni mara ya pili, na safari hii alitaja siku, gari la kupanda na faili la kubeba.

Baba alikuwa kwenye korido, akizungumza kwa simu na kaka yake. Tulimsikia akieleza kwa kujiamini kwamba mtoto ana damu 47 badala ya 46, na kwamba ile ya ziada ilitoka kwake, hata kiganjani ipo. Sista alingoja baba amalize, aagane, atie simu mfukoni.

“Baba,” alisema, “tukae kidogo tena. Umeeleza vizuri sana. Kuna mahali pawili tu pa kurekebisha, halafu utampigia.”